Gunia la Shaba

Transfoma ya Mwabungo iliibwa usiku wa kuamkia Jumapili, na Jumatano asubuhi Twaiba akakuta shaba nyumbani kwake.

Alikuwa akifagia chini ya meza ya mumewe, kule uani, mahali ambapo Swabir alitengenezea mapambo yake. Hapo hapakuwa na kitu kizima. Palikuwa na vifuu vya nazi vilivyotobolewa matundu madogo madogo mpaka vikawa kama kitambaa cha lesi, chupa zilizokatwa shingo, ndara kuukuu zilizochongwa maua, na vigae vilivyovunjika vikapangwa upya pembezoni mwa vioo. Mgeni angedhani ni jaa. Lakini Swabir alikuwa na mikono. Kifuu ambacho jirani angekitia motoni, yeye alikitia balbu, akakizungushia uzi wa shaba, kikawa taa ya kutundika sebuleni. Wenye nyumba za kupangisha wageni huko Galu na Diani walizinunua taa hizo kwa sababu zilipendeza, na bei yake haikufika hata robo ya bei ya dukani.

Ufagio ulipogonga gunia, gunia halikusogea. Twaiba akainama akalivuta. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Alipolifungua akaona nyaya, mizunguko kwa mizunguko, nyingine nyembamba kama nywele na nyingine nene kama penseli. Zote zilikuwa zimechomwa zikawa nyeusi, na pale masizi yalipobanduka wekundu wa shaba ulichungulia. Harufu ya mpira ulioungua ikampanda puani.

"Audhubillahi," alisema, akalifunga haraka na kulisukuma lilikokuwa.

Swabir alirudi adhuhuri. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooka vile vile alivyoondoka nalo. Alikuwa mkuu wa maweta katika hoteli moja kubwa, na mwaka wa tatu huu tangu hoteli ipunguze watu, naye akiwemo, hajaacha kupiga pasi kila asubuhi. Stima ilipokatika aliazima pasi ya makaa. Twaiba alimwekea wali na mchuzi wa kunde, akaketi mkabala naye.

"Baba Subira, hivi shaba siku hizi hupatikana wapi?"

Tonge la Swabir lilisimama njiani. "Shaba gani?"

"Hii unayozungushia taa."

"Ninanunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu, Ukunda. Leo umekuwa fundi wewe, hata unauliza habari za shaba?" Alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, na tonge alilirudisha sahanini. Twaiba aliitazama ile mikono. Kucha zilikuwa zimesuguliwa, lakini mashinani mwake mlibaki weusi. Na alipopunga mkono kuwafukuza nzi, nywele zake zilitoa harufu ya moshi.

Alasiri ile ile alikuja Cynthia. Huyu alikuwa mwanamke wa bara aliyekuwa na vyumba vya kupangisha Galu, mteja mzuri, mwenye haraka, aliyezoea kusimama mlangoni huku amewasha gari.

"Fundi, zile taa zimeenda! Wageni wanazipiga picha kuliko bahari," alisema. "Niongezee kumi na mbili, zote za shaba hivi. Wiki ijayo Ijumaa nina watu wana-check in. Na wananiuliza, hizi material unatoa wapi?"

"Mombasa, madam," Swabir alijibu. "Kuna duka moja la jumla."

Twaiba alikuwa akileta maji. Alisimama pale pale kizingitini, gilasi mkononi. Wakati wa wali shaba ilikuwa ya Ukunda. Kabla ya alasiri kuisha ilikuwa imevuka feri.

"Kumi na mbili utaweza?"

"Zitakuwa tayari," alisema Swabir, na hakufikiri hata kidogo shaba ya taa kumi na mbili itatoka wapi. Alijibu kama mtu mwenye kisima uani kwake.

Mjini hapakuwa na mazungumzo mengine. Pampu ya maji ilikuwa imekufa, wanawake walipanga ndoo kwenye kisima cha kamba. Mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa. Shutu, jirani wa ukuta mmoja na Twaiba, muuza samaki wa kukaanga, alitupa kilo arobaini za samaki zilizooza ndani ya friza, na alizifukia mwenyewe kwa jembe huku akilia kwa sauti kama anayemzika mtu.

"Aliyefanya haya Mungu amwonyeshe mchana kweupe," alisema kisimani. "Nami niwepo."

"Si mtu wa mbali," mwingine akadakia. "Wa mbali angejuaje kwamba mlinzi wa pampu siku hiyo ameenda harusini?"

Baada ya neno hilo watu wakaanza kutazamana. Kijana aliyenunua pikipiki alishinda siku nzima akieleza habari za mkopo wake. Mzee aliyeezeka mabati mapya alilazimika kuonyesha risiti msikitini. Twaiba alivuta kamba ya ndoo, na moyoni akahesabu siku. Jumatatu Swabir alimnunulia Subira viatu vya shule. Jumatatu, siku moja tu baada ya transfoma. Na Jumamosi alikuwa wapi? Jumamosi alitoka asubuhi akarudi jua limeshazama, akisema miguu inamuuma.

Alhamisi hakuweza kuvumilia tena. Alivaa buibui akaenda kwa kaka yake.

Jaafar alikuwa fundi cherehani, na juu ya hayo alikuwa mzee wa Nyumba Kumi. Alikuwa akipinda kanzu alipomwona dada yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona uso umekusawijika?"

"Nimekuja kuuliza tu. Mtu akiona kitu nyumbani mwake, naye hajui kilikotoka, afanyeje?"

"Kitu gani?"

"Sikusema kipo. Ninasema mtu akiona."

Jaafar akaacha kukanyaga cherehani. Alimtazama muda mrefu, sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa. "Twaiba. Ni shaba?"

 Twaiba alishika ncha ya buibui akaizungusha kidoleni, na hilo likawa ndilo jibu.

"Kaka, iko guniani chini ya meza yake, na nimekwambia wewe kama ndugu yangu. Sikumwambia mzee wa mtaa."

"Nimesikia. Rudi nyumbani, na usifungue mdomo tena kwa mtu."

Njiani alihisi mwili mwepesi, kama aliyetua mzigo. Alipofika mlangoni akamwona Swabir ameinama akichonga ua la ndara kwa ajili ya Subira, na ule wepesi ukamtoka.

Ijumaa asubuhi walikuja watu sita, Jaafar mbele yao. Walipiga hodi kwa adabu, wakajibiwa karibu, lakini hawakuketi. Jaafar alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza, akainama, akatoa gunia. Hakutafuta mahali pengine popote. Walilimimina katikati ya uwanja, nyaya zikatawanyika juani, na watu waliokuwa wakipita njia wakaingia mmoja mmoja mpaka uwanja ukajaa.

"Shemeji," Jaafar aliuliza, "hii imetoka wapi?"

Swabir alikuwa na fulana tu, kifuu mkononi. "Ni yangu."

"Hatukuuliza ni ya nani. Imetoka wapi?"

"Nimenunua."

"Kwa nani? Taja jina, twende tukamuulize sasa hivi, tuyamalize."

Swabir alizitazama nyaya, akawatazama watu. Mabega yake yalianguka kidogo. "Sina jina la kutaja."

Mtu mmoja nyuma akamrukia, akampiga kisogoni kwa ndara aliyoivua mguuni. Wengine wakacheka, wengine wakataka zamu. Jaafar akasimama kati na kunyoosha mikono. "Ofisini kwa chifu! Hapa hapigwi mtu!" Wakakubali, lakini kwa sharti: gunia alibebe mwenyewe. Walimtwika kichwani, masizi yakimtiririkia shingoni.

Ukutani, Shutu alikuwa amepanda juu ya jiwe apate kuona. Swabir alipofika usawa wake alisimama.

"Ahsante, jirani," alimwambia. "Nimeona."

Shutu alibaki mdomo wazi. Twaiba, aliyekuwa hatua tatu nyuma, aliinamisha macho.

Watu walipoondoka alirudi uani, akafunga mlango na kupekua kila kitu. Nyuma ya rundo la vigae akakuta mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na suruali iliyochanika magoti, fulana nyeusi kwa masizi, na glavu mbili zisizolingana. Chini ya nguo palikuwa na panga moja la feni, na juu ya panga hilo alama ya ile hoteli ya zamani ya Swabir, pamoja na namba ya chumba: 114.

Basi si transfoma peke yake. Amewaibia mpaka waliomlisha.

Alitia panga lile ndani ya buibui akashika njia ya Galu, ilikokuwa hoteli hiyo. Hakujua anakwenda kufanya nini huko. Alilotaka ni kujua tu ameolewa na mwizi wa nani.

Askari wa lango la nyuma alikuwa Menza, mtu wa Kinango, mrefu, mwenye sweta la kazi lililotoboka viwiko. Twaiba alimsalimu akamwonyesha panga la feni.

"Hili limetoka kwenu?"

Menza aliligeuza. "Ni letu. Umelipata wapi, mama?"

"Kwa mume wangu. Swabir."

Alitazamia kuulizwa mumewe yuko wapi, akamatwe. Lakini Menza alivua kofia yake, akatazama huku na huku.

"Wewe ndiwe mama Subira? Aliniapisha nisimwambie mtu."

"Asiambiwe nini?"

"Njoo uone."

Alimzungusha nyuma ya ukuta. Pale, chini ya mkorosho mmoja, palichimbwa shimo pana kama uwanja wa nyumba, na ndani yake kulitupwa kila kilichotolewa vyumbani tangu hoteli ianze kukarabatiwa: feni, nyaya, vigae, vioo, makochi yaliyooza, na juu ya hayo yote mabaki ya jikoni, maganda ya mananasi na mifupa, nzi wakivuma.

"Huja Jumanne na Jumamosi," alisema Menza. "Hufika na shati lake, akabadilisha nyuma ya mti ule, akateremka. Huchagua, huchoma nyaya pale pembeni apate shaba. Akimaliza huoga kwa ndoo, huvaa shati, huondoka. Wenyewe hawajali, kwao ni taka. Lakini amri ni kila atokaye apekuliwe." Alirudisha kofia kichwani. "Zamani, mama, mimi nilikuwa nikisimama mlango wa jikoni, naye hunitolea sahani yenye nyama. Sasa mimi ndiye ninayempapasa mifuko. Hunyoosha mikono hivi, hutazama juu, wala hanisemeshi mpaka nimalize."

Twaiba alishika ukuta. 

"Kaka Menza, wamempeleka kwa chifu. Wanasema ni transfoma."

"Basi si aseme?"

"Hakusema."

Menza alitikisa kichwa. Zamu yake iliisha saa nane, na kutoka na kitabu cha langoni, kilichoandikwa kila aingiaye na atokaye, kulikatazwa. Alikwenda nacho hata hivyo, kimefichwa chini ya sweta.

Ofisi ya chifu ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Swabir alikuwa ameketi sakafuni, gunia kando yake. Alikuwa ameulizwa saa nne nzima na jibu lake lilikuwa moja. Lakini alipomwona Twaiba mlangoni, na nyuma yake lile sweta la viwiko vilivyotoboka, alisimama ghafla.

"Chifu, andika," alisema. "Ni mimi. Transfoma nimekata mimi."

Watu wakavuma. Chifu alikuwa ameshika kalamu, hakuandika. "Tangu asubuhi umekataa, sasa unakubali. Umekata na nani? Kwa chombo gani?"

"Andika tu!"

"Muongo!" Twaiba alisema, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Anasema uongo. Chifu, msikilize mtu huyu."

"Twaiba," Swabir alisema taratibu, kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo. "Nakuomba. Mrudishe."

Hakumrudisha. Menza alifungua kitabu juu ya meza ya chifu, akasoma kama mtoto wa shule, kidole kikifuata mstari. Jumanne, Swabir, shimo la taka, ametoka na nyaya na feni mbili. Jumamosi, Swabir, shimo la taka, ametoka na vigae na nyaya. Ukurasa baada ya ukurasa, miezi saba. Jumamosi iliyopita aliingia saa mbili asubuhi, akatoka saa kumi na moja, na nyaya zake zilipimwa kwa macho kuwa nusu gunia. Chifu aliokota waya mmoja, akaona kipande cha plastiki kilichosalia bila kuungua, kimepigwa muhuri wa hoteli. Akaokota wa pili, nao vile vile.

"Wa transfoma hauna muhuri wa hoteli," alisema. "Nenda nyumbani, Swabir. Na nyinyi mliompiga, mwombeni radhi."

Hakuna aliyeomba radhi. Badala yake mtu mmoja dirishani alisema, "Lo! Kumbe shati jeupe lote lile ni la jaani!" Kicheko kikaanza, kikazunguka chumba, na hata watu wema walificha midomo kwa viganja. Wezi wa transfoma hawakujulikana siku ile, wala hawajajulikana mpaka leo. Lakini habari za jaa zilifika kisimani kabla ya Swabir kufika nyumbani.

Siku tatu hakusema na mtu. Alikula kidogo, akaswali, akalala akielekea ukutani. Cynthia alikuja Jumapili, habari zimeshamfikia, naye alikuwa amefurahi mno.

"Mama Subira, si angeniambia tu! Wageni wanapenda sana mambo ya taka kugeuzwa mapambo. Ningebandika kikaratasi kwa kila taa, ikisema imetoka kwa taka. Hata bei naongeza." Alipaza sauti kuelekea chumbani. "Fundi, uko?"

Kitanda kililia, lakini mlango haukufunguka. Cynthia akaacha malipo ya nusu, akaondoka.

Jumatatu alikuja Shutu, ameshika sahani.

"Nimempelekea mumeo vitumbua vya pole, amenirudishia kupitia mtoto. Salamu zangu haitiki. Watu wananiambia eti mimi ndiye niliyemchongea. Twaiba, mimi na wewe tumeishi ukuta mmoja miaka kumi na minne. Nimelia samaki wangu, kweli, lakini jina la mtu sikulitaja. Nani alilitaja?"

Twaiba aliipokea sahani. Ingekuwa rahisi kusema sijui. Shutu angerudi kwake na aibu isiyo yake, na nyumba ingetulia.

"Ingia," alisema. "Keti. Nisikilizeni nyote wawili."

Alisukuma mlango wa chumba. Swabir alikuwa macho, kama Twaiba alivyojua.

"Si Shutu," alisema. "Ni mimi. Niliona gunia nikaenda kwa Jaafar."

 Shutu alitazama mkeka, akanyanyuka polepole, akatoka bila kuaga, na vitumbua vyake akaviacha.

Swabir aliketi kitandani. "Uliniona mwizi."

"Nilikuona."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Jumatano." Alilitafuna neno lile. "Alhamisi tulikula samaki. Uliwanunua kwa hela ya taa. Ulinihukumu kabla ya kuwala, au baada?"

 Twaiba alitaka kusema, uliniambia Ukunda, ukamwambia yule Mombasa, ningeshika lipi? Maneno hayo yalikuwa ya haki, na aliyaweka midomoni tayari. Kisha akaona si mahali pake.

"Kabla," alisema.

"Na kule kwa chifu nilikuomba."

"Uliniomba. Ningekuacha ufungwe?"

"Mwizi hutoka jela, watu wakasahau," alisema Swabir. "Hili la jaa nani atasahau?" Akajilaza tena, uso ukutani.

Jumanne asubuhi alikuwa bado amelala hivyo hivyo. Taa zilizokuwa tayari mezani zilikuwa tano, na nusu ya malipo ya zote kumi na mbili ilikwisha pokewa. Twaiba alimpeleka Subira shule, akarudi, akavaa gauni kuukuu, akachukua gunia tupu. Hakupita uchochoroni. Alipita kisimani, mbele ya wote, gunia begani.

"Na wewe, Twaiba?" mmoja aliuliza, akizuia kicheko.

"Na mimi," akajibu, wala hakusimama.

Menza aliandika jina lake bila kuuliza neno. Twaiba aliteremka shimoni akaanza kufukua. Harufu ilimkaba. Alikata kidole kwa kigae, akakifunga kwa ukaya wa kichwani, akaendelea. Alivuta nyaya zilizong'aa akazijaza guniani, na alikuwa amejaza nusu nzima alipohisi mtu juu ya ukingo.

Swabir alikuwa amesimama pale. Haikujulikana amesimama tangu lini.

"Hizo acha," alisema. "Hizo ni alumini. Zimepakwa rangi tu."

Twaiba alizitazama. "Nitajuaje?"

"Kwangua. Ikitoka nyeupe, si shaba."

Alikwangua kwa ukingo wa kigae. Ikatoka nyeupe. Akamimina gunia lote chini, kazi ya asubuhi nzima, akaanza upya. Alisubiri kusikia nyayo zikiondoka. Badala yake alisikia Swabir akivua viatu. Aliviweka ukingoni sambamba, akashuka, akapita karibu naye bila kumtazama, mpaka kwenye rundo la feni.

"Wewe anza upande ule," alisema.

Twaiba akaenda upande ule.